Anataka kuvaa kama "bibi wa pwani": nimshonee, au kuna la kumwambia kwanza?

FundiLangoni

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, na huu ni mwaka wangu wa 22 kazini. Nashona madera, sare za shule, kanzu za watoto Maulidi ikikaribia, na kupinda leso ndiyo kazi ya kila siku. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Nimelileta hapa kwa sababu humu mna wauza nguo, mna walimu, na mna vijana wanaoijua simu kuliko mimi.

Alikuja mtoto wa kaka yangu, ana miaka 19. Akakaa kwenye kigoda, akangoja mteja aondoke, kisha akaniambia, "Shangazi, nataka unishonee nguo, nivae kama bibi wa pwani." Nilifurahi sana. Mama yangu ndiye bibi yake, na amelelewa mikononi mwake. Nikasema alhamdulillahi, mtoto amekua, ameanza kuona uzuri wa mavazi ya nyumbani. Nikainuka, nikamtolea leso mpya isiyokatwa bado, nyekundu, yenye korosho kwenye pindo. Akaishika, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Siyo hii, shangazi." Akanifungulia simu.

Nikaona suruali pana nyeupe ya kitani. Shati la mikono mirefu, rangi ya samawati iliyopauka, limekunjwa mara mbili hadi karibu na kiwiko. Kofia ya pama ya ukili. Kapu lina mkate na maua. Nyuma kuna jiko kubwa jeupe, kuna dirisha, na nje ya dirisha bahari isiyo na jahazi wala mtu. Mwenye kuvaa hata miaka 30 hajafika. Nikamuuliza, bibi yuko wapi hapa? Akasema hilo ndilo jina la estetiki yenyewe. Mwaka 2022 msichana wa Kimarekani, Lex Nicoleta, aliitaja TikTok, akasema ni mavazi ya wanawake watu wazima wa kwenye filamu za Nancy Meyers, wenye nyumba nzuri ufukweni. Jina likashika, dunia nzima ikalichukua.

Na estetiki, kwa jinsi alivyonieleza, ni kwamba mtu anakusanya nguo, rangi, nyumba, chakula, hata muziki, anavifunga pamoja, anavipa jina moja. Ukivaa vile, umeingia ndani ya lile jina.

Kushona si tatizo. Vipimo nimemchukua palepale: kiuno 28, nyonga 38, urefu wa suruali 41. Kinachonisumbua ni kingine.

Alikuwa akinipitishia picha moja moja kwenye Pinterest. Tukafika kwenye picha ya usita wa hapa kwetu, ile njia kuu ya mtaani. Ukuta wa matumbawe, punda amesimama, jua la alasiri limeangukia upande mmoja, na mwanamke anakwenda zake, anaonekana mgongo tu. Mtoto akapitisha. Nikamwambia, rudi. Nikaikuza kwa vidole viwili. Kwenye bega la kushoto la ile leso kuna kiraka cha zambarau, ukubwa wa kibiriti. Kile kiraka nilikishona mimi. Mama alikuwa akioka mikate ya mofa, kaa likamrukia, likatoboa leso, nami sikuwa na kipande cha rangi yake, nikatia cha zambarau. Yule ni mama yangu.

Jina lake halipo, na nashukuru halipo. Chini wameandika maneno ya kusifu maisha ya polepole ya kisiwani. Mama saa kumi za usiku yuko macho anakanda unga wa mtama. Simlaumu mpiga picha, pengine alikipenda alichokiona. Lakini picha imekatwa kiunoni. Mnaojua leso mnajua jina lake linakaa chini, karibu na pindo, na mama leso ile anaivaa makusudi, jina lianguke mgongoni lisomeke. Linasema: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Aliinunua mwaka aliosemwa kwa jambo ambalo hakulitenda. Hakumjibu mtu. Alijitanda, akapita usita kutoka mwanzo hadi mwisho, mtaa mzima ukasoma. Kwenye picha wamebaki punda, ukuta na rangi. Maneno yake yamekatwa.

Mtoto akasema, "Kumbe ni bibi!" Akafurahi, akaihifadhi. Kisha akaendelea kunionyesha vifungo anavyovitaka.

Basi naomba mnisaidie. Mimi pia nilipokuwa msichana niliiga mabega ya sponji niliyoyaona kwenye video, na sikudhurika. Hii mitindo ya simu ina tofauti gani na ile yetu? Kwa nini mtoto aliyelala kitanda kimoja na bibi wa pwani amtafute bibi wa pwani Marekani? Nimshonee nikae kimya, au kuna la kumwambia kabla sijakata? Kitambaa kiko mezani, mita 4, mkasi sijautia.

NahodhaMstaafu

Mshonee, dada. Akienda kwa fundi mwingine pesa zitakwenda huko na maneno yako hatayasikia. Mtoto umshikaye nguo ndiye utakayemsemesha.

RobotaMalindi

Shikamoo shangazi. Mimi niko Malindi, nauza mitumba, dukani na kwenye simu. Nina miaka 26. Nataka nikueleze jina linafanya nini, maana mimi nakula kwa majina hayo na sioni vizuri nikae kimya.

Nikifungua robota la jinzi, kuna kamera, yaani zile za daraja la kwanza, na mwisho kabisa kuna fagia. Kulikuwa na jinzi fulani ambazo zamani zilikuwa fagia moja kwa moja: kiuno cha chini, miguu mipana, mfuko wa nyuma una marembo. Zilivaliwa miaka ya 2000 mwanzoni, zikapitwa. Nilikuwa naziuza shilingi 100, na bado mteja anazisukuma pembeni. Kisha vijana wakaanza kuutaja mtindo wa mwaka 2000, wakaupa jina lao. Jinzi ileile, robota lilelile. Nililiandika lile jina chini ya picha, ikaondoka kwa 700 kabla sijaipiga pasi. Kitambaa hakikubadilika hata uzi mmoja, shangazi. Kilichoongezeka ni jina.

Na msiwaone wasichana wanaofuata majina haya kama hawana akili. Mteja wangu mmoja anafanya kazi ya usafi hotelini. Hawezi kuingia duka la nguo mpya. Lakini akilijua jina, anajua atafute nini kwenye rundo. Atachambua saa nzima apate shati moja la kitani, alifue, alinyooshe, ajipige picha kwenye ukuta mweupe, na siku ile anaonekana sawa na msichana wa Marekani mwenye nyumba. Mimi nimeona uso wake akitoka dukani. Hilo nalo lihesabiwe.

Kinachoniumiza ni kasi. Kiangazi cha Ulaya cha 2023 walikuwa na msichana wa tungule: vitambaa vyekundu, kilemba kidogo kichwani, kama mtu wa Italia. Hapa Malindi Waitaliano tumeishi nao miaka mingi, nikasema hii itauzika, nikatafuta nguo zake. Zilipofika, watu wameshahama. Januari 2024 ikaja ya mke wa mafia: manyoya, dhahabu nzito, macho meusi. Nilipata makoti ya manyoya ya bandia mawili ndani ya robota, na kwa joto la huku ilibidi niyatume Nairobi. Leso yako, shangazi, jina lake linadumu mpaka kitambaa chenyewe kichakae. Majina yangu mimi mengine hayafiki mwisho wa mwezi.

MwalimuMkomani

Waalaykum salaam, mwanangu fundi. Nimesoma maneno yako mara mbili, na ya huyu binti wa Malindi pia. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomesha historia, basi mtanivumilia.

Kwanza, kuiga ng'ambo hapa kwetu si jambo la yeo. Kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho mabibi zetu walikiita marekani, kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka huko huko kwenye simu ya mtoto wako. Miaka ya 1830 merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinafika Unguja, mkataba wa biashara wa Sayyid Said na Wamarekani ulifungwa mwaka 1833, na shehena kubwa ilikuwa kitambaa hicho. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, Bombay na Manchester wakaingia pengo lile. Leso yenyewe neno lake ni la Kireno, na inasimuliwa kwamba mwanzo ilikuwa vitambaa vya mkono vilivyounganishwa sita sita vikawa nguo moja. Buibui lilitoka Hadhramaut. Mtu akikwambia kuna vazi letu ambalo halikupanda chombo, muulize ni lipi.

Ila kuna jambo moja, na hapa ndipo naona uchungu wako ulipo. Wale wafanyabiashara wa Bombay, wa Manchester, wa Uholanzi, na baadaye wa Japani, walikuwa wakiwafuata wanawake wa pwani. Mwanamke wa Amu, wa Mombasa, wa Unguja, alikuwa akibadilisha ladha yake upesi, na shehena ikifika imepitwa inabaki ghalani. Ilibidi mwenye kiwanda huko aulize: huku wanataka rangi gani, na mwaka huu wanasema nini? Maneno yalitoka vinywani mwa wanawake wa baraza zetu, zamani yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu, yakavuka bahari, yakachapwa na mtu asiyeyajua, yakarudi yamo kwenye nguo. Duka la Abdulla la Mombasa liko kwenye kazi hiyo tangu karne ya 19, na mpaka yeo ukigeuza leso utaona pale chini: Mali ya Abdulla. Kitambaa kilikuwa cha ng'ambo, kauli ilikuwa ya mwanamke wa hapa. Kwa mtoto wako kauli imekuja imefungwa pamoja na kitambaa. Hana pa kutia neno lake.

La pili ni zito, na sitaki tulifiche. Tunasema nguo zetu zilikuwa na maana. Ndiyo, na maana nyingine zilikuwa za dhuluma. Hapa Amu bibi wa ukoo hakutoka nje mchana ila ndani ya shiraa, kile kitambaa kama hema, na walioibeba miti yake walikuwa watumwa wa kike. Wao walivaa ukaya. Ukimwona mtu toka mbali umeshajua ni nani, ametoka wapi, na amshike nani miguu. Utumwa ulipofutwa, Unguja 1897 na huku kwetu 1907, wanawake waliokuwa watumwa walilivaa buibui kwa hamu kubwa, kwa sababu ndani ya buibui wote wamevaa nyeusi, wote wamestirika, huwezi kumjua nani ni mjukuu wa nani. Na wale mabibi wenyewe mwisho waliiacha shiraa, wakavaa buibui pia. Ule ulikuwa mtindo wa kigeni, na uliwafaa walioonewa.

Kwa hivyo msichana wa miaka 19 anayetaka siku moja awe bibi wa Marekani, siku nyingine awe mtu wa shamba, mimi simwoni mpotevu. Nguo inayosema wewe ni nani kabla hujafungua kinywa inaweza kuwa kauli yako, na inaweza kuwa pingu. Mama yako leso yake aliichagua. Mwenye ukaya hakuchagua.

Mwanangu, kama una kaniki yoyote ya zamani ndani ya sanduku la mama, naomba uniambie. Nina miaka mingi sijaishika.

MshelaWaNairobi

Shikamoo mwalimu, shikamoo shangazi. Mimi ni wa Shela, nasoma Nairobi, na mambo haya ndiyo nayaandikia kazi yangu ya mwisho chuoni, kwa hiyo samahani nikiwa na mengi.

Ilianzaje? Mwaka 2013 kulikuwa na kikundi cha vijana New York, K-Hole, walitoa ripoti yenye neno nomkoo (normcore). Wao walikusudia tabia: mtu aache kuhangaika awe wa kipekee, aweze kukaa na watu wowote. Mwaka uliofuata magazeti yakalichukua, likawa jina la jinzi na fulana za kawaida. Wazo likaondoka, nguo ikabaki. Tangu hapo ile "koo" ya mwisho inabandikwa kila kitu. Mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani ikaenea kotejikoo (cottagecore): magauni ya maua, mkate wa kuoka nyumbani, kuku, shamba. Waliovaa vile wengi walikuwa kwenye vyumba vya mjini, hawana hata dirisha la kuanikia. Walikuwa wanavaa kile walichokikosa. Nikiiona estetiki mpya siku hizi nauliza kwanza, hawa wamekosa nini?

Sasa kuhusu picha ya bibi. Nimeifikiria sana. Programu kama Pinterest inakuletea picha kwa kufanana: rangi na rangi, umbo na umbo. Ukuta wa matumbawe, leso nyekundu, punda, hivyo havihitaji mtu ajue lugha. Jina la leso linahitaji ajuaye Kiswahili, na zaidi ya hapo ajue nani alimsema bibi mwaka ule. Hata picha isingekatwa, yale maneno yangefika Ohio yakaonekana marembo tu. Kinachosafiri mbali ni kile kisichohitaji kuelezwa.

Na wengine yamewafika makubwa zaidi. Mwaka 2024 ilisambaa video ya watu wakiusifu mtandio mrefu mwepesi, unaotupwa shingoni ncha zikaning'inia nyuma, wakiuona ni umaridadi wa Ulaya. Wakauita skafu ya Skandinavia. Wahindi na Wapakistani wakatazama wakasema, hii si dupatta? Mama zetu wanazo hapa! Na kikoi chetu, katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoy liwe alama yake ya biashara kule. Walipingwa, ombi likakwama. Wafumaji na wauzaji wa huku wangeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake. Kwa hiyo, shangazi, si kwamba unasumbuka bure. Jina ni mali.

Ila tafadhali usimwambie mtoto kwamba amepotea. Mimi niliambiwa hivyo na mtu ninayempenda, kwa sababu ya suruali, na miaka miwili sikumwonyesha tena kitu chochote kwenye simu yangu. Yeye amekuonyesha.

FundiLangoni

Nawashukuru nyote, na mnisamehe kuchelewa, kulikuwa na harusi mbili. Nahodha, nimekufuata wewe kwanza: nimekata. Lakini mshela, yale maneno yako ya mwisho ndiyo yaliyonikalia. Kweli, alinionyesha. Angeweza kwenda kwa fundi yeyote na picha yake.

Nikamwita Ijumaa baada ya sala aje apime suruali, na nikamwambia aje nyumbani kwa bibi, siyo dukani. Akaivaa. Imemkaa vizuri, wallahi, inamwagika kama maji. Mama akamzungusha, akamshika kiunoni, akamwambia hapa fundi aingize kidogo. Mama alishona kabla yangu, mimi nimefunzwa na yeye.

Kisha mtoto mwenyewe, bila mimi kusema, akatoa simu akamwonyesha mama ile picha ya usita. Mama akaitazama muda mrefu. Akasema, "Kile kiraka mamako mdogo alikitia rangi mbaya." Mamako mdogo ndiyo mimi, ndivyo anavyoniita mbele ya wajukuu. Mtoto akamuuliza, "Bibi, imeandikwaje hiyo leso? Hapa haionekani." Nilishusha pumzi. Mama akaniambia nilete sanduku.

Mwalimu, kaniki ipo. Moja, imepauka mikunjoni mpaka imekuwa kama moshi, na bado ukiinusa ina harufu ya rangi yake. Njoo wakati wowote, mama amesema karibu.

Tulizitoa leso moja baada ya moja, tukazitandaza kitandani. Sikuwa najua ziko nyingi vile. Mama kila moja anaigusa pindo, anasoma jina kwa kidole ingawa macho hayamsaidii tena, anasoma kwa kujua. "Wema hauozi," hii aliletewa na wifi yake alipomzaa kaka yangu, baba wa huyu mtoto. "Japo sipati tamaa sikati," hii alijinunulia mwenyewe kwa pesa ya mikate, na hakusema alikuwa akitamani nini. Kisutu cha harusi yake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakina jina. Mtoto akauliza mbona hakina. Mama akasema bibi harusi hana la kusema bado.

Mtoto alikuwa amepiga magoti, ameshika simu, anapiga picha. Na niseme kweli, alikuwa anapiga pindo na jina, hakuwa anapiga rangi. Alipofika picha ya sita au ya saba, mama akatoa leso moja ya kijani iliyokunjwa ndogo sana, chini kabisa. Hakuitandaza. Akaiweka juu ya mapaja, akaifunika kwa mkono. Mtoto akainua simu. Mama akasema, "Hii haisomwi." Mtoto akashusha simu, akaiweka sakafuni, kioo chini. Mimi ni mwanawe wa kuzaliwa, nina miaka 51, na ile leso sijawahi kuijua jina lake. Mama akairudisha alipoitoa.

Binti wa Malindi, nilimweleza mtoto habari zako za jinzi. Ameniomba nikuulize kama kuna mashati ya kitani kwenye robota lako, ya wanaume, makubwa, maana anasema nisimshonee shati, anataka lililovaliwa. Mimi naona sawa, kitambaa kilichobaki kitatosha kitu kingine. Ukipata, mtumie ujumbe humu.

Mwisho akamwonyesha bibi yake estetiki yenyewe. Akamwambia, "Bibi, huyu anaitwa bibi wa pwani, Marekani." Mama akaishika simu kwa mikono miwili. Akatazama jiko jeupe, akatazama kapu la maua, akasifu kofia. Akamuuliza mtoto zile nyingine ziko wapi, akaonyeshwa nyingine, na nyingine. Nyumba nzuri, bahari, meza ndefu imeandaliwa sahani.

Mama akauliza, "Na wajukuu wake wako wapi?"

Mtoto akasema ngoja bibi, nitakuonyesha. Akaanza kutafuta. Alikuwa bado anapitisha picha pale adhana ya magharibi ilipoingia.